Kalemie–Lubumbashi: Masaa Mawili na Nusu, Kama Umepima Vizuri

Mtasema: mstaafu gani huyu ambaye bado ananyonyesha? Chekeni, lakini someni. Niliingia kazini kwenye kiwanja cha ndege cha Kalemie mara tu nilipomaliza sekondari, nikatoka huko na mtoto mgongoni, na sitarudi. Kazi ikiisha imeisha, haingoji mtu aote mvi. Na ninyi mabinti mnaopita kwangu kila jioni, "Yaya, dada yetu, kule kwa ndege wanachukua watu?", leo nawajibu wote mara moja kwa maandishi, maana nimechoka kusimulia huku nasonga bukari na mtoto ananivuta kikwembe.

Kwanza ondoeni kichwani ile picha ya msichana mwenye skafu shingoni anayegawa bonboni angani. Sikuwa huyo. Katika kazi yangu yote sikupanda ndege hata mara moja. Nilikuwa chini, ndani ya kibanda cha mabati kando ya kiwanja, na mizani kubwa ya chuma. Kazi yangu ilikuwa kupima watu, mizigo, na kila kitu kilichotaka kwenda hewani. Kampuni ilikuwa ndogo, yenye ndege moja ya panka mbili na viti visivyofika kumi, na karibu kila safari ilikwenda Lubumbashi.

Kwa hiyo swali nililoulizwa kuliko yote ni hili: ni masaa ngapi mpaka Lubumbashi?

Mwanzoni nilijibu kama mwanafunzi. Ukivuta uzi kwenye ramani kutoka kwetu mpaka Lubumbashi, ni kilomita mia sita na zaidi kidogo, na ndege yetu ilikula njia hiyo kwa masaa mawili na nusu. Nikamwambia mama mmoja muuza samaki: "Mama, ndege inaondoka saa tatu, saa tano na nusu uko Lubumbashi." Akapeleka habari kwa ndugu zake. Siku hiyo ukungu ulilala juu ya ziwa hadi mchana, ndege ikaondoka baada ya watu kula. Aliporudi alikuja moja kwa moja kibandani.

"Njo wewe uliyesema saa tano na nusu?"

"Ndiyo, Mama, njo mimi."

"Shemeji yangu alinisubiri kwenye jua mpaka akagombana na bibi yake. Hawasemezani mpaka leo. Utaenda kuwapatanisha wewe?"

Shefu wetu, Papa Mwilambwe, alicheka mpaka akatoa miwani. Ndiye aliyenifundisha kazi, nami simnyimi sifa yake, ingawa mtasikia mengine mbele. Akaniambia: "Usimwambie muntu saa ya kufika. Mwambie urefu wa safari. Masaa mawili na nusu yanaanza magurudumu yakiacha udongo. Mbele ya hapo ni mambo ya Mungu na ya ukungu."

Nimeshika hilo. Na hapa Kalemie neno hilo lina maana zaidi kuliko mahali pengine, kwa sababu mji huu una saa za namna tatu. Wafanyabiashara waliotoka Kigoma walikuja na saa zao za ng'ambo, wakafika kiwanjani saa nzima kabla yetu, wakakaa kwenye mizigo wakinung'unika kwamba sisi Wazairwa hatujui wakati. Wakubwa wa serikali walipanga saa zao kwa redio ya Kinshasa, wakafika saa nzima baada ya ndege kuruka, wakanitukana mimi. Mmoja alinionyesha saa yake ya mkononi, ya dhahabu kabisa, akaniita mwananchi kwa Kifaransa cha serikali: "Sitwayeni, Kinshasa njo makao makuu. Hii saa haiwezi kuwa na makosa." Nikamjibu haina makosa, iko sawa kabisa, ila iko Kinshasa. Kwa hiyo mkiingia kazi hii, mkimpa mtu muda wa kuja, mwambieni: kwa saa ya hapa hapa, Papa, ya kanisa unayosikia kengele yake.

Halafu kuna umbali. Msidhani watu wote wana ramani kichwani. Papa Kalenga, mzee aliyefanya kazi ya reli maisha yake yote, aliletewa tiketi na mwanawe wa Lubumbashi. Alipanda juu ya mizani, akateremka, akavaa kofia, kisha akaniuliza kwa upole:

"Sasa mwanangu, Kabalo tunabadilisha, ao tunabaki ndani?"

"Kabalo hatupiti, Papa."

"Hamupiti Kabalo?" Akawatazama wengine kana kwamba nimetukana. "Kutoka hapa unaenda Nyunzu, unaenda Kabalo, njo unapinda kwenda Kamina. Hakuna njia ingine. Mimi nimeiendesha."

"Ndege haifuati reli, Papa. Inakwenda moja kwa moja. Inavuka Luvua, unaona barraji ya umeme, lile bwawa la Piana-Mwanga, upande mmoja, halafu milima ya Kundelungu, halafu umefika."

"Masaa ngapi?"

"Mawili na nusu."

Akacheka sana. "Masaa mawili na nusu hata Nyunzu sijafika! Na mashini nzuri!" Akapanda akiwa amejifungia chakula cha siku nne. Aliporudi alikuja kunisalimu akiwa na wasiwasi wa kweli. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama nina hakika ile ilikuwa Lubumbashi yenyewe, ya siku zote, maana mwanawe alimpokea lakini mji ulikuja upesi mno na yeye hakuuona ukija. Namwelewa. Kwa treni mtu anapata muda wa kuwa mgeni. Kwa ndege unafika bado unanuka moshi wa kwako.

Sasa mizani. Hapa fungueni masikio, maana shule haifundishi.

Muntu akipanda kwenye mizani anageuka mwizi hapo hapo, hata kama ni shemasi. Tiketi inaruhusu kilo chache za mzigo, basi mzigo unahamia mwilini. Nimeona mama amevaa vikwembe sita juu ya vingine, anatembea kama pipa, jasho linamtiririka, na ananiambia anasikia baridi. Nimeona bwana ameficha pasi ya makaa ndani ya koti la harusi. Mmoja alivuta pumzi akaizuia mpaka macho yakatoka, akiamini hewa tumboni inampunguzia kilo. Wengine waliweka kiganja ukutani na kusukuma kidogo kidogo, sindano ya mizani ikateremka. Kwa hiyo wiki ya pili tu niliwaita wabebaji, tukaburuza mizani mpaka katikati ya sakafu, mbali na ukuta, mbali na meza na bega la rafiki. Hilo shefu mwenyewe hakuwa amelifikiria. Na kila asubuhi kabla ya mtu yeyote, pandeni wenyewe. Mkijua uzito wenu, mnajua kama mizani imeamka vizuri. Mimi nilipanda na mwanangu Ilunga mgongoni, kwa sababu sikuwa na pa kumwacha. Baba yake alikwenda Kolwezi kutafuta kazi, na bado anatafuta.

Kwa nini tunahangaika na kilo? Nilimuuliza Papa Mwilambwe swali hilo nikiwa mjinga bado. Akanipeleka mpaka kwenye mapipa ya esansi, mafuta ya ndege, akayagonga kwa funguo.

"Ndege inabeba uzito wake, haizidi. Watu wakizidi, mizigo ikizidi, lazima upunguze kitu. Sasa angalia. Ukimpunguza muntu, analalamika. Ukipunguza gunia, mwenye gunia anakuja na fimbo. Kuko kitu kimoja tu kisichopiga kelele." Akagonga pipa tena. "Esansi haina ndugu. Njo sababu watu wabaya wanapunguza esansi. Na esansi njo masaa, mwanangu. Ukitoa esansi, umetoa masaa. Kilomita zinabaki pale pale."

Ndio maana safari ya masaa mawili na nusu tuliipakia esansi ya masaa manne. Yale ya juu ni ya upepo wa mbele, ya mvua ya Kundelungu ambayo lazima uizunguke, ya ng'ombe waliolala katikati ya kiwanja cha watu. Atakayewaambia hayo masaa ya juu ni ya bure, mtazameni vizuri mjue anauza nini.

Halafu kulikuwa na watoto. Kwa desturi ya pale, mutoto wa mugongo hapimwi. Mama akifika kwenye mizani alimfungua mtoto, akamkabidhi mwanamke aliye nyuma yake, akapanda, akateremka, akampokea. Kisha akashika wa yule mwenzake. Mchezo mzuri kabisa. Siku moja niliwahesabu watoto waliokuwa wakirushwa hivyo kutoka mkono kwa mkono, nikaona ndani ya ndege ile kuna bwana mnene mzima ambaye hakuna aliyempima. Nikasema kuanzia leo watoto wote juu.

Weee! Nilitukanwa kwa lugha zote za ziwa.

"Kilo ni ya dispansari! Mutoto wangu si muhogo!"

"Na yeye mwenyewe ana mutoto mugongoni, muangalie! Roho gani hiyo?"

Mama mmoja wa makamo, mtaratibu, ndiye aliyenieleza. Tatizo halikuwa tiketi. Hakuna mama anayependa uzito wa mtoto wake utajwe mbele ya watu, wakiwemo wenye macho mabaya: mnene ataonewa wivu, mwembamba atachekwa. Alikuwa na haki. Kwa hiyo tukapatana: mama anapanda na mtoto wake mgongoni, wote pamoja, nami nataja hesabu moja tu. Hakuna anayejua ya mtoto ni ngapi. Tangu hapo hakuna aliyenitukana kwa jambo hilo. Kwa mengine walitukana.

Jambo la mwisho la kazi, halafu nitawaeleza kwa nini nimestaafu na meno yote kinywani. Kwetu uzito haukupelekwa kwenye ndege kwa karatasi tu. Mpimaji alitoka kibandani, akasimama mbele ya bawa, akamtazama komanda, yaani rubani, machoni na kutaja uzito wote kwa sauti. Komanda akaurudia kwa mdomo wake. Hapo ndipo mashini ziliwashwa. Desturi hiyo aliianzisha Papa Mwilambwe mwenyewe. Alisema karatasi inaweza kubadilika ikitembea hatua mbili, lakini si rahisi kumdanganya muntu aliyekuangalia, naye ndiye anayekwenda kupanda.

Ilikuwa majira ya mvua. Ndege ilikuwa imejaa, imepimwa, esansi imetiwa. Kati ya abiria kulikuwa na Mama Feza, Feza ni jina lake mwenyewe, binti wa umri wangu kutoka upande wa Katanika, na mwanawe Kito, mtoto wa miaka miwili hivi. Tumbo la Kito lilikuwa limevimba na kukaza kama ngoma. Daktari wa hapa alisema lazima apasuliwe Lubumbashi, na isiwe juma lijalo. Treni ingewaua njiani. Watu wa kanisa lao walichanga tiketi. Mama Feza alipopanda kwenye mizani na Kito mgongoni, niliangalia sindano, nikaangalia tena. Nilijua uzito wangu na wa mwanangu. Hao wawili pamoja hawakunifikia mimi peke yangu. Nikataja hesabu moja, kama tulivyopatana, nikamsaidia kushuka.

Ndipo ikaja pikapu. Ndani, magunia manne makubwa ya ndagala, dagaa wakavu wa ziwa, yameshonwa. Dereva alishuka na miwani ya jua, na jua lenyewe hakuna.

"Papa shefu, hii ya mukubwa. Anasema ilale Lubumbashi leo. Kuko ndoa."

"Ndege imejaa," Papa Mwilambwe akasema.

"Si mimi nasema, njo yeye anasema. Ao nirudi nimwambie umekataa?"

Sitataja mkubwa gani. Tuseme tu kwamba akinuna, kampuni ndogo inaweza kuambiwa kiwanja kinahitaji kufagiliwa kwa wiki tatu. Shefu alijua hilo, dereva alijua kwamba shefu anajua. Papa Mwilambwe akazungusha macho juu ya abiria. Wafanyabiashara walikuwa wamesimama, mikono kiunoni, tayari kwa vita. Mama Feza alikuwa amekaa chini, miguu ameinyoosha, mtoto mapajani. Nikajua kabla hajafungua mdomo. Siku zote anayeshushwa ni yule aliyekaa chini.

Akaniambia kwa Kifaransa, ili yule asielewe, kwamba mama huyo atakwenda kwa safari ijayo.

Alielewa. Hakuna mama asiyeelewa Kifaransa cha namna hiyo. "Papa," akasema, "daktari alisema hatafika juma ijayo." Hakulia wala hakupandisha sauti. Alikuwa anampa habari tu, labda hakuipata.

Mimi nilikuwa nimeshachemka. "Shefu, hawa wawili hawafiki gunia mbili. Hata ukiwashusha, uzito unazidi bado."

"Najua."

"Unajua, halafu?"

"Tutapunguza esansi kidogo. Ni masaa mawili na nusu, Mama Ilunga. Unajua hii njia."

Mniamini, hesabu ile aliijua kuliko mimi. Yeye ndiye aliyeniwekea kichwani. Mtu akikosea kwa kutojua, unamweleza. Aliyekufundisha mwenyewe akianza kusema "kidogo", utamweleza nini?

"Ulisema esansi njo masaa," nikamwambia. "Sasa yale masaa unayotoa, nani ameambia mvua isikuje?"

"Nilikufundisha kupima. Kuongoza kampuni sikukufundisha." Akashusha sauti, akaangalia mgongo wangu. "Una mutoto. Fikiri atakula nini kesho. Toka, mtajie komanda uzito wa jana, asijue magunia wala esansi, basi. Maneno mawili."

Nilifikiri. Msiamini wanaosema hawakufikiri. Nilifikiri kodi ya nyumba na sukari, nikafikiri mama yangu atakavyonisema. Ilunga alikuwa ameshika nywele zangu nyuma, ananivuta, anacheka peke yake, mzito, ameshiba. Na mbele yangu Kito hata nzi hawafukuzi. Nikafunga kitenge kwa nguvu, nikatoka.

Komanda alikuwa Mkinshasa, kijana asiye na maneno mengi. Alisimama mbele ya bawa akitafuna karanga.

"Mama, kilo ngapi?"

"Komanda, leo niko na hesabu mbili. Ya kwanza ni watu wote niliopima, pamoja na mgonjwa, na esansi yote uliyoomba. Hiyo inafaa. Ya pili kuna magunia ya gari ile, esansi imepungua, na mgonjwa amebaki hapa."

Aliacha kutafuna. Akageuka upande wa kusini. Mawingu yalikuwa yamekaa juu ya vilima, meusi chini, na yalikuwa bado yanapanda. Akatazama pikapu, akamtazama shefu aliyekuwa anakuja mbio mbio, miwani mkononi.

"Ya pili usinitajie," akasema. "Taja ya kwanza."

Nikataja. Akairudia, neno kwa neno. Ikawa imekwisha, kwa sababu kwa desturi ya Papa Mwilambwe mwenyewe uzito uliokwisha kurudiwa haukubadilishwa na mtu. Shefu alifika, akasimama. Hakuipinga hesabu mbele ya komanda. Hapo namheshimu kidogo.

Dereva ndiye aliyesema. "We mwanamuke! Unajua unacheza na nani?"

"Na ndagala," nikamjibu. "Zimeshakufa, hazina haraka."

Wabebaji walicheka mpaka wakakaa chini. Nilishika mkono wa Mama Feza, nikamwinua. Alipanda ngazi bila kugeuka nyuma, kama mtu anayeogopa akigeuka ataitwa. Mlango ukafungwa. Magurudumu yakaacha udongo.

Papa Mwilambwe alisimama karibu nami tukiangalia ndege ikipungua. "Nipe funguo za kibanda," akasema. "Kesho usikuje."

Nilimpa. Lakini siku hiyo ilikuwa bado yangu. Nikaenda kukaa kwenye chumba cha foni, ile redio tuliyozungumza nayo na Lubumbashi, nikamweka Ilunga titini. Mwenye foni, Papa Mulongo, mtu mwenye masikio makubwa na moyo mwepesi, aliniambia: "Mama Ilunga, nenda nyumbani. Masaa mawili na nusu ni marefu ukiyakaa." Nikamwambia naona kiti ni kizuri.

Masaa mawili na nusu yakapita. Papa Mulongo akaita Lubumbashi. Bado. Nje, upande wa kusini, anga lote lilikuwa limefungwa. Akaita tena. Bado. Mlango ukafunguliwa, shefu akaingia, hakutusalimu, akakaa juu ya sanduku na kuanza kupangusa miwani iliyokuwa safi. Masaa matatu yakatimia. Ile esansi ambayo ingebaki kama angepunguza, ingekuwa imekauka sasa hivi, na wote watatu tulikuwa tunajua. Alipangusa miwani. Mimi nilimtazama, wala sikumwonea huruma. Na nitasema kweli, hata mimi nilikuwa nimembana Ilunga mpaka akaachia titi akaniangalia.

Papa Mulongo akainua mkono.

"Wamegusa chini," akasema. "Walizunguka mvua, kule mbali upande wa Mitwaba. Wamegusa chini wote."

Shefu akatoa pumzi, akasimama. "Umesikia. Sasa nenda."

"Bado. Papa Mulongo, uliza mutoto."

Akauliza. Akasikiliza, akaanza kutabasamu. "Wanasema analia."

"Uliza kama gari ya hospitali imekuja."

"Mama Ilunga," shefu akasema, "hii foni si ya nyumba yako."

"Uliza."

Papa Mulongo alitutazama sote wawili, mimi na mkubwa wake, kisha akauliza. Tulingoja tena, muda ambao hata leo siwezi kuupima. Kisha: "Imekuja. Wamekwenda." Hapo nikamfunga Ilunga mgongoni nikatoka, na hakuna aliyenifukuza. Niliondoka kwa miguu yangu.

Sasa nauza mikebuka, samaki wa ziwani, sokoni. Ninyi mnaotaka ile kazi, nendeni. Sisemi msiende, nasema nendeni. Wekeni mizani katikati ya sakafu. Pimeni kila kinachopumua. Mkiulizwa umbali, tajeni umbali. Mkiulizwa masaa, tajeni masaa na esansi yake. Na mkiambiwa mpunguze kile kisichopiga kelele, pigeni kelele ninyi. Mtafukuzwa, ndiyo. Nimefukuzwa nami, na tunakula.

Na kwa kuwa najua mtaniuliza: Kito alipasuliwa. Walirudi kiangazi, kwa treni, kupitia Kabalo, maana ya ndege hakuna aliyechanga tena. Mama Feza sasa anakaa nyumba ya tatu kutoka kwangu. Mtoto wake hana adabu hata kidogo. Juzi alirusha jiwe likavunja chungu changu kipya, na mchuzi ndani. Niliacha kila kitu nikamfukuza kwa mwiko mpaka kwenye reli, na sikumpata. Anakimbia sana.